Niliitwa Nambambo Kuonja Bia ya Ukungu

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya simu mbili zilizonijia asubuhi moja kutoka nyumba moja. Ya kwanza ilikuwa ya mdogo wangu Mathayo, mwalimu wa kemia anayeishi Nambambo, huko kwetu Nachingwea.

"Dada Rozi, njoo uonje bia yangu," alisema. "Jumamosi naipeleka Ruangwa kwa mama mmoja mwenye hoteli. Lazima uwepo. Wewe ndiye mtaalamu."

Ya pili ilikuwa ya mkewe, Fausta. Alikuwa amejifungia bafuni, maana nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo.

"Wifi, njoo umwambie mdogo wako ukweli. Ameshanoa shoka."

Shoka lilikuwa la mikorosho. Nyuma ya nyumba yao ipo mikorosho aliyoipanda marehemu baba, na kila msimu Fausta huokota korosho zake, huzibangua na kuzikaanga kwa mikono yake. Mathayo alikuwa ameamua kuifyeka miti yote ili apande hopsi, mmea wa kutambaa ambao maua yake ndiyo huipa bia uchungu na harufu. Hopsi alizokuwa akitumia zilitoka ng'ambo, zikiwa zimekaushwa na kufungwa kwenye pakiti, na kila pakiti ilipofika Fausta alikohoa akiisikia bei. Mama wa Ruangwa akiikubali bia Jumamosi, Jumatatu mikorosho ingelala chini.

Sina budi kueleza utaalamu wangu. Mimi ni mhudumu wa baa katika hoteli moja mjini, kazi niliyoifanya miaka mingi bila mtu yeyote kuniita mtaalamu. Mwaka jana meneja alituletea mkufunzi wa kuonja. Kwa siku chache tulijifunza kuzungusha glasi, kuitumbukiza pua, kufumba macho na kutaja tunda. "Ukikosa tunda," mkufunzi alituambia, "taja tunda lolote ambalo mteja hajawahi kuliona. Hatabisha." Tulipomaliza tulipewa cheti chenye mhuri wa dhahabu. Nilimtumia Mathayo picha yake, naye akaionyesha Nachingwea nzima. Tangu siku hiyo nimekuwa mtaalamu wa ukoo.

Alfajiri ya Alhamisi nilipanda basi la kusini. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa Masasi aliyekuja Dar kutibiwa macho. Tulipovuka daraja la Rufiji aliniuliza naenda wapi na kufanya nini.

"Nachingwea. Kuonja bia."

Alinitazama kwa jicho lake jipya, kisha akageuka dirishani. Tulipofika Somanga na watu wakashuka kununua samaki wa kukaanga, ndipo aliponiuliza kwa upole, "Kwani Dar zimeisha?"

Mchana tulipita Mnazi Mmoja tukaiacha barabara ya pwani. Kuanzia hapo harufu ilibadilika. Ulikuwa msimu wa korosho, na mabibo yaliyoanguka yalikuwa yakichacha juani pande zote mbili za barabara, harufu tamu na kali inayoingia hata kwenye basi lililofungwa madirisha. Aliyekulia kusini akiisikia harufu hiyo huwa anakaa vizuri kwenye kiti. Mzee alishuka Masasi, akanitakia bia njema.

Jioni niliingia Nachingwea. Mathayo alinipokea stendi kwa pikapu yake, amekonda, ndevu zimemwota, macho yanang'aa. Njiani hadi Nambambo hakuniuliza habari za watoto. Alinieleza habari za hamira.

Nyumba niliikuta imegeuka kiwanda. Sufuria kubwa za shughuli, zile ambazo majirani huazima kwa ajili ya harusi na misiba, zilikuwa zimejaa kimea. Chumba cha wageni kilikuwa na mapipa ya plastiki yaliyofunikwa mablanketi, na mgeni, yaani mimi, nilitandikiwa sebuleni.

"Usifunge mlango kwa nguvu, dada," Mathayo alininong'oneza. "Hamira inafanya kazi."

"Mimi pia nafanya kazi," alisema Fausta kutoka jikoni, "lakini milango inabamizwa tu."

Ijumaa asubuhi, kabla hata ya chai, Mathayo aliniita uani. Alikuwa amesoma kwamba ulimi huwa safi kabla ya chakula. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, glasi moja, na chupa moja isiyo na lebo. Jirani yao, Mzee Issa, alikuwa amefika kuchukua machicha, yale mabaki ya kimea, kwa ajili ya kuku wake. Ni mtu wa swala tano na hajawahi kuonja kilevi, lakini alipoona kitambaa cheupe aliiweka ndoo chini akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mimi kinywaji chake sikijui. Ila kuku wangu wanansifu sana nwalimu."

Mathayo akamimina. Niseme kweli, moyo wangu ulikuwa upande wa Fausta. Safari nzima ya jana nilikuwa nikipanga maneno: imechacha, imezidi hamira, rudi kwenye chaki. Na bia ilipojaa kwenye glasi nilidhani Mungu amenirahisishia kazi. Haikuwa na sura ya bia. Ilikuwa nzito na ya njano iliyofifia, mfano wa maji ya embe yaliyokorogwa, na nilipoinyanyua kwenye jua sikuuona hata mkono wangu upande wa pili. Kwetu bia yenye ukungu hurudishwa kaunta, na mhudumu huombwa aeleze vizuri.

"Ndivyo inavyotakiwa," Mathayo aliniwahi. "Haichujwi. Wazungu wanaiita India Pale Ale, IPA. Hii ni ile ya ukungu. Na ni kali, dada, asilimia nane. Usiinywe kama ile ya kawaida."

Niliinusa. Ilinijia harufu ya embe bivu, ya ganda la chungwa linapochunwa, na nyuma yake kitu cha majani mabichi baada ya mvua. Nikanywa. Ilikuwa laini mdomoni kama uji uliopikwa vizuri, ikawa tamu kidogo, halafu ukaja uchungu, taratibu, ukakaa pembeni mwa ulimi bila fujo. Nilipomeza, kifua kikapata joto. Nikanywa tena ili nitafute kasoro. Nikanywa ya tatu kwa sababu nilitaka.

Mathayo alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Fausta alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Hapo ndipo ningeweza kudanganya nikaokoa mikorosho ya baba. Sikuweza. Aliyeipika bia ile alikuwa amekesha nayo kama mtu anayeuguza.

"Mathayo," nilisema, "ni nzuri. Ni nzuri sana."

Mdogo wangu alikaa chini akafunika uso. Fausta aliingia jikoni, na mfuniko wa sufuria ukasikika mpaka kwa Mzee Issa, ambaye wakati huo hakuwa kwake.

Baada ya chai, Mathayo alinipeleka kuona shamba lake la hopsi la baadaye. Kwa wakati huo lilikuwa ndoo moja. Ndani yake kulikuwa na mche wenye majani machache ya manjano, umefungwa uzi kwenye mti na kujengewa kibanda cha makuti.

"Huu mmea ni wa kwenye baridi," nilisema.

"Utazoea."

"Mathayo, wewe ni mwalimu wa sayansi."

Aliumwagia ule mche maji kwa kopo. "Najua hautaota vizuri," alisema mwishowe. "Lakini kila kitu kwenye bia hii kimetoka kwa watu, dada. Kimea cha watu, hopsi za watu. Hata jina ni la India, na India kwenyewe hawajui habari hizi. Nilitaka kitu kimoja kitoke kwenye udongo wetu."

"Na mikorosho imetoka wapi?"

Aliinama akakaza uzi wa ule mche.

Jumamosi asubuhi tulipakia deli la barafu lenye chupa, tukaondoka kwenda Ruangwa. Fausta alipanda mbele bila kuombwa, amevaa kitenge chake kizuri, na mapajani amepakata bakuli lililofunikwa. "Nakwenda kusikiliza hukumu," alisema.

Tulipoingia wilaya ya Ruangwa, Mathayo alikata kona. Alitaka tupitie Chunyu kuchota maji. Alikuwa amesoma kwamba bia ya ukungu hupenda maji yenye chumvichumvi, na mahali kuitwa Chunyu, jina la chumvi ya maji, kulimtosha kama kipimo cha maabara. Tukafika kisimani, na kulikuwa na mama mmoja akijaza ndoo zake.

"Mama, haya maji yana chumvi?" Mathayo aliuliza.

Yule mama aliitazama pikapu, akamtazama Fausta na kitenge chake, akatazama madumu yetu matupu. "Chumvi inauzwa dukani, kaka," alisema. "Kwani huko mlikotoka hakuna maji?"

"Yapo."

"Ehee."

Tuliyaonja. Yalikuwa maji. Mathayo alijaza madumu yote hata hivyo, na Fausta akamwombea msamaha kwa yule mama kwa lugha yao ya Kimwera, maneno ambayo sikuyaelewa ila niliona yule mama akimpapasa bega kumpa pole.

Saa za mchana tuliingia Ruangwa. Mji umechangamka siku hizi kwa habari za madini, na kila mwenye ukuta ameandika hoteli juu yake. Ya Mama Lusia, yule tuliyemwendea, ilikuwa hoteli ya kweli, yenye ua mpana na viti vya miti. Mwenyewe alikuwa mama mnene, mtulivu, anayesikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amealika watu watatu wamsaidie kuamua. Wa kwanza ni Bwana Kasembe, aliyevaa koti kwenye joto lile na kujitambulisha kama mshauri wa fursa. Nilimuuliza fursa zipi. "Zote," alinijibu. Wa pili alikuwa mhandisi wa mgodini, mtu wa Mbeya, mkimya. Wa tatu ni dada mmoja anayeonja vyakula mbele ya simu yake na kuwaonyesha watu mtandaoni; alijiita Kwini.

Mathayo akamimina. Watu wale waliutazama ukungu, wakatazamana. Bwana Kasembe alifungua mdomo kusema neno, Mathayo akawahi kunitambulisha: mtaalamu kutoka Dar, mwenye cheti. Bwana Kasembe akafunga mdomo. Wote wakanigeukia na glasi zao hewani, wakingoja niwaambie midomo yao ina nini.

"Embe," nilisema.

"Embe!" walisema. "Embe kabisa."

"Ganda la chungwa."

"Aisee, chungwa lipo!" alisema Bwana Kasembe, ambaye alikuwa hajanywa bado.

Nikakumbuka mkufunzi wetu wa Dar. Shetani gani alinipitia sijui. Labda ni joto, labda ni glasi yangu ya kwanza, maana asilimia nane si mchezo. Nilifumba macho, nikavuta hewa, nikasema taratibu, "Na kwa mbali... viatu vipya."

Hakuna aliyecheka. Kwini aliigeukia simu yake. "Jamani, ni noma! Viatu vipya vinakuja kwa nyuma kabisa!" Mhandisi alitikisa kichwa kukubali. Bwana Kasembe alizungusha glasi, akafikiri, kisha akanirekebisha kwa heshima: "Vya ngozi, lakini. Si vya plastiki."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Waliizoea ile bia kwa namna wanavyoizoea ya kawaida, yaani chupa baada ya chupa, nayo ikawajibu. Bwana Kasembe alivua koti, akapanda juu ya kiti, akatutangazia kwamba kusini nzima imelala juu ya fursa. Mikorosho ni mambo ya kizamani. Ing'olewe yote, kuanzia Ruponda mpaka hapa, tupande hopsi, na dunia itakuja Ruangwa kununua ladha ya viatu. Kwini alimrekodi. Mhandisi aliuliza kama hopsi zinahitaji kulipuliwa mwamba. Nilimtazama Fausta, alikuwa amekaa pembeni, bakuli lake mapajani, na machozi yanamlenga.

Ndipo nilipomwona Mathayo. Hakuwa akicheka wala kufurahi. Alikuwa amejimiminia kidogo, anaonja, anaonja tena, uso umekunjamana kwa woga wa mtu anayetafuta kosa kwenye kazi yake.

"Dada," alisema mbele ya wote, "viatu viko wapi? Mimi sivisikii. Nimeharibu wapi?"

Nilitamani kiti kinimeze. Watu wale walistahili mzaha wangu, lakini aliyeumia ni yeye peke yake, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa akionja.

"Hakuna viatu, Mathayo," nilisema. "Nimedanganya. Nilikuwa nafanya mzaha. Bia yako haina kosa."

Kwini aliizima simu. Mhandisi alianza kuchunguza kucha zake. Bwana Kasembe alishuka kwenye kiti pole pole, akavaa koti lake, akainusa glasi kwa mara nyingine. "Mimi bado nasikia viatu," alisema, na hakumtazama mtu.

Mama Lusia alimsogelea mdogo wangu. "Mwalimu, wewe uliyeipika unasikia nini?"

Mathayo alimwambia. Alimwambia habari ya embe na chungwa, kisha akamwambia yale ambayo muuzaji hapaswi kuyasema: kwamba harufu ile haikai, kwamba kila wiki inayopita inapungua, kwamba joto la njia huiua, na kwamba chupa hizi tulizozileta tayari ni dhaifu kuliko niliyokunywa mimi uani kwake jana.

"Kwa hiyo ukiniletea kreti kutoka Nachingwea, wateja wangu watakunywa maiti," alisema Mama Lusia.

"Ndiyo, mama."

"Basi usilete. Njoo uipikie hapa. Nyuma kuna banda. Mwisho wa mwezi, pipa moja, tuone. Na glasi ziwe ndogo." Alimtupia jicho Bwana Kasembe, aliyekuwa ameshaanza kusinzia. "Ndogo sana. Lakini uchungu huu hauendi bila kitu cha kutafuna. Kitu chenye chumvi. Nimpe mteja nini?"

Fausta alifunua bakuli. Zilikuwa korosho alizokaanga alfajiri, bado na ngozi zao kidogo, na chumvi yake ya kiasi. Mama Lusia alichukua moja, akanywa bia kidogo, akachukua nyingine. Mhandisi alisogeza kiti. Kwini alisahau kuwasha simu. Kwa muda mrefu pale uani palisikika sauti ya kutafuna tu, na hakuna aliyeniuliza zina ladha gani.

"Hizi nazitaka kila wiki," Mama Lusia alisema akifuta vidole. "Hata bia isipokuwepo."

"Kila wiki?" aliuliza Fausta.

"Zote utakazopata. Miti mnayo?"

Fausta alimgeukia mumewe. Mathayo aliitazama glasi yake, akalitazama bakuli tupu, kisha akachekea puani kama anavyocheka tangu utoto anaposhindwa kwenye bao.

"Miti tunayo, mama," alisema. "Ya baba."

Tulirudi Nambambo jua likielekea kuzama. Fausta alishika glasi tupu ya Mathayo njia nzima, akiinusa mara moja moja. "Kweli ina embe," alisema tulipokaribia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisifu, na Mathayo alikosea kona.

Jumapili nilipanda basi kurudi Dar. Mzee Issa alinisindikiza hadi barabarani akiwa na ndoo yake ya machicha, akasema kuku wangesikitika sana kama kiwanda kingehamia Ruangwa moja kwa moja. Nikamwambia ni mwisho wa mwezi tu. Akashukuru kwa niaba yao.

Nimerudi kazini. Mathayo alinipa chupa moja, nikaibeba imezungushiwa nguo zenye barafu, nikiibembeleza kama mtoto mwenye homa. Jumanne meneja wetu, yuleyule aliyemleta mkufunzi, alikuja kaunta akaiona kwenye friji. Nilimmiminia kidogo. Aliishika glasi, akauangalia ukungu, akazungusha kama tulivyofundishwa, kisha akanitazama.

"Rozi, hapa natakiwa nisikie nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, na cheti changu kilikuwa kimetundikwa nyuma yangu.

"Kunywa kwanza, bosi," nilimwambia.

Akanywa. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa hana wa kumwigiza. Kisha akaweka glasi chini.

"Ni chungu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea.

"Ndiyo," nilisema. "Ni chungu."

Akainyanyua tena.